Sakitu

Saa kumi na moja alfajiri, ndoo ya uani ina ngozi.
Naivunja kwa kisigino, inalia kama kioo.
Nateleka maji ya kunawia,
kwa kuwa mkono wa baridi ukimgusa mjamzito
mishipa yake hujikunja kama jongoo,
na mashine itaandika mkono wangu badala ya damu yake.
Hilo nilifundishwa na Julai, si na chuo.

Yusta Tweve amefika kabla ya jua,
saa mbili kwa miguu, mashamba ya pareto yote meupe.
Amevaa mabuti ya mumewe.
"Viatu vyangu vimepungua," anasema,
"baridi ya Makete hunywea hata ngozi."
Namtazama vifundo vya miguu. Sicheki.

Namketisha karibu na jiko, dirisha nimeliacha wazi kiganja kimoja,
maana mkaa nao huua kwa upole.
Robo saa hatusemi.
Yeye anahesabu misumari ya dari,
mimi nahesabu pumzi zake.
Mia na sitini na nane kwa mia na kumi.
Nahamia mkono wa pili. Namba haibembelezeki.

"Ni baridi tu, nesi. Hata ng'ombe wetu wanatetemeka."

Tu.
Nimezika watu wawili kwa neno hilo.

Moyo wenye mimba hulisha nyumba mbili.
Baridi ikibisha, mwili hufunga milango ya nje,
vidole, masikio, ncha ya pua,
na damu hukimbilia ndani
kama wageni wa harusi waliokutwa na mvua.
Mwenye nyumba ni mmoja. Anasogeza viti,
anasukuma, anasukuma,
na hakuna anayemuuliza kama amechoka.

Sisemi baridi ndiyo mwizi.
Nimeona sakitu ikiwapita wanawake mia bila kuwagusa,
na kifafa cha mimba nimekipokea hata Januari, mahindi yakiwa mabichi.
Ila daftari langu, ukilifungua Juni hadi Agosti,
wino mwekundu umejaa kuliko kurasa nyingine.
Niliandika barua wilayani.
Wakajibu kwamba nimekosea kujumlisha safu ya tatu.

Gari la wagonjwa lilikuwa gereji.
Lori la viazi likasimama.
Aswile, dereva, alivua koti lake, akamfunika miguu,
akasema yeye hatozi nauli ya mtu na nusu.
Usiku ule, hospitali ya misheni, akazaliwa mtoto wa kike,
mdogo kama mkate wa shilingi mia tano,
mwenye sauti ya kuita kijiji.

Tukashangilia mapema.

Wiki ya tatu nikamkuta Yusta amelala ameketi,
mgongo kwenye gunia la mbegu.
"Nikijilaza nazama," alisema.
Mama mkwe alikuwa na dawa yake:
blanketi la tatu, kuni zaidi, uji wenye pilipili,
baridi imemwingia mgongoni, itatoka.
Nikaweka kipimo chini ya bega lake.
Nikasikia mtu anatembea mle ndani,
polepole, juu ya majani yenye sakitu,
kra, kra,
kila alipovuta pumzi.

Uzazi ulikwisha. Moyo haukuwa umeambiwa.

Sasa anameza vidonge vinne, chumvi anaionea mbali,
na mumewe amejifunza kubeba maji
huku akitazama pembeni, wenzake wasimwone.
Kilima cha sokoni anapumzika mara tatu.
Lakini anafika.

Julai nyingine.
Ndoo ina ngozi.
Mlangoni pamesimama mabuti makubwa ya kiume,
na ndani yake mwanamke nisiyemjua.
"Shikamoo, nesi. Ni baridi tu."

Namwambia aketi.
Naenda kuchochea moto wa maji ya mikono.